Lugha Mbili Kichwani, na Zote Ziko Macho

Ukikaa na mama mwenye mtoto wa miaka miwili au mitatu ambaye hajachangamka kuongea, hautapita muda kabla hajakueleza alichoshauriwa: acheni kumsemesha Kichaga, mnamchanganya. Au Kihaya, au Kikamba, au Kidigo. Anayetoa ushauri huo anaweza kuwa jirani, mwalimu wa chekechea, au hata mhudumu wa kliniki, na anautoa kwa nia njema kabisa. Basi bibi ananyamazishwa, baba anahamia Kiingereza cha kuungaunga, na lugha moja inakatika katika ukoo kwa sababu ya woga. Woga huo hauna msingi. Yanayojulikana kuhusu akili ya mtu wa lugha mbili yamechunguzwa kwa miaka mingi sasa, na yanastahili kufika kwa wazazi, walimu na wauguzi wetu kuliko uvumi ule.

Wanaisimu huiita hali hii uwililugha. Kwetu hata neno hilo linapunja. Mtu wa Bukoba huamka na Kihaya, hufanya biashara kwa Kiswahili, kisha jioni husoma barua ya benki iliyoandikwa kwa Kiingereza. Nitasema "lugha mbili" kwa wepesi tu, msomaji ajue kwamba tatu na nne zimo.

Woga wenyewe una historia. Mwaka 1923 D. J. Saer alichapisha matokeo ya kuwapima akili watoto wapatao 1,400 huko Wales. Wa vijijini waliozungumza Kiwelisi na Kiingereza walipata alama za chini kuliko wenzao wa Kiingereza pekee. Mjini tofauti hiyo haikuonekana, na hapo ndipo watu walipaswa kushtuka: kama lugha mbili ndizo zinazodumaza akili, mbona zidumaze ya mtoto wa shamba na kuiacha ya mtoto wa mjini? Lakini hitimisho la kwamba lugha mbili ni mzigo liliendelea kurudiwa kwa miongo kadhaa, hadi mwaka 1962, Elizabeth Peal na Wallace Lambert walipofanya kazi yao Montreal, Kanada. Waliwachukua watoto wa miaka 10, wakahakikisha kwamba wanaolinganishwa wana hali ya maisha inayofanana, na waliojua Kifaransa na Kiingereza wakawapita wa Kifaransa pekee katika majaribio mengi. Utafiti huo nao una kasoro yake, kwa kuwa watoto wa lugha mbili walichaguliwa miongoni mwa waliozimudu zote vizuri, na huenda walikuwa wepesi tangu mwanzo. Hata hivyo ulivunja mazoea ya kulaumu lugha kwa makosa ya umaskini.

Swali lililofuata ni zuri zaidi: lugha mbili zinakaaje ndani ya kichwa kimoja? Wengi wetu hudhani zinapokezana, kwamba ukiongea Kiswahili, Kiingereza kimelala hadi utakapokiamsha. Ndivyo tunavyojihisi. Sivyo ilivyo.

Mwaka 1999 Michael Spivey na Viorica Marian, wakiwa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, waliwakalisha watu waliokulia Kirusi na kukijua Kiingereza vizuri mbele ya meza yenye vitu vichache. Kila mmoja alivaa kichwani kifaa kinachorekodi jicho linaangalia wapi. Maelekezo yote yalitolewa kwa Kirusi. Mojawapo lilimtaka mshiriki asogeze stempu, ambayo kwa Kirusi ni *marka*. Mezani palikuwa pia na kalamu nene ya wino, ile ambayo Waingereza huiita *marker*. Hakuna aliyetamka Kiingereza, wala hapakuwa na sababu ya kukifikiria. Lakini mara sauti za mwanzo za neno lile zilipotoka, macho yalikimbilia kwenye kalamu kabla ya kutulia kwenye stempu. Mkono ulifanya kazi sahihi. Jicho ndilo lililotoboa siri.

Jaribio hilo linaweza kufikirika kwetu bila shida. Weka mezani kipande cha kaa la jiko, kijiko, kitambaa na kigari cha kuchezea, kisha mwambie kijana wa Nairobi kwa Kiswahili, "Nipe kaa." Kiingereza chake kinaita gari *car*, na sauti ni karibu ileile. Kwa nusu sekunde kichwa chake kina mambo mawili: la kuchomea nyama na la kupanda. Atakupa kaa, naye mwenyewe hatajua kwamba gari lilipita akilini.

Utafiti ulionishangaza zaidi ni wa Guillaume Thierry na Yan Jing Wu wa Bangor, Wales, uliochapishwa mwaka 2007. Waliwapa Wachina wanaojua Kiingereza jozi za maneno ya Kiingereza, wakiwauliza tu kama maana za maneno hayo zinahusiana. Baadhi ya jozi zilificha kitu. Chukua neno la treni na neno la paja la nguruwe lililokaushwa. Kwa Kiingereza hayafanani hata kidogo, na maana zake haziko karibu. Lakini kwa Kichina treni ni *huoche* na paja hilo ni *huotui*, na yote mawili huanza na herufi moja, ile ya moto. Washiriki hawakuambiwa chochote kuhusu Kichina. Walijibu kwa kasi ileile, makosa yaleyale, iwe jozi ina herufi iliyofichika au haina. Mtu anayetazama majibu peke yake angesema Kichina hakikuwepo. Waya zilizobandikwa kichwani kupima umeme wa ubongo zilisema vingine: jozi zenye herufi iliyojirudia zilibadilisha mawimbi ya ubongo. Watu wale walikuwa wakisoma Kiingereza na kukipitisha kwenye Kichina bila kufahamu.

Haya mawili, na mengine mengi yaliyofuata kwa lugha nyingine, yamewaleta watafiti wengi mahali pamoja. Lugha za mtu wa lugha mbili ziko macho zote, hata ile isiyohitajika kwa wakati huo. Hapo ndipo swali linapogeuka. Namna mtu anavyoweza kuongea lugha mbili si fumbo tena. Fumbo ni namna mtu anavyoweza kuongea moja tu.

David Green, wa Chuo Kikuu cha London, alipendekeza mwaka 1998 kwamba kazi kubwa ni ya kuzuia: ubongo hukandamiza lugha isiyotakiwa ili inayotakiwa ipate njia. Kama ni hivyo, basi lugha yenye nguvu zaidi inahitaji kukandamizwa zaidi, na kuirudia kutachukua muda kwa sababu ilisukumwa mbali. Renata Meuter na Alan Allport walilipima jambo hilo mwaka 1999. Tarakimu zilitokea kwenye skrini, na rangi iliyozizunguka ikamwambia mshiriki azitaje kwa lugha ya kwanza au ya pili. Matokeo yalikuwa kinyume na wanavyodhani watu. Kuhamia lugha ya pili, ile dhaifu, kulichelewesha kidogo. Kurudi lugha ya kwanza, lugha ya mama, ndiko kulikochelewesha zaidi. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba tofauti hiyo hupungua kwa watu waliozimudu lugha zao zote kwa usawa, na bado kuna mabishano juu ya maelezo yake. Lakini mtu aliyeshinda kwenye kikao cha Kiingereza siku nzima, akatoka nje na kukuta ulimi unajikwaa kwenye Kiswahili chake mwenyewe, anajua kinachozungumzwa. Hajasahau Kiswahili wala haringi. Alikuwa amekikalia tangu asubuhi.

Ushahidi mzito zaidi wa jambo hili ulitoka kwa mgonjwa mmoja nchini Morocco. Michel Paradis na wenzake walimweleza mwaka 1982: mtawa aliyekuwa muuguzi, mzungumzaji wa Kifaransa aliyekijua pia Kiarabu, aliyeumia kichwa katika ajali. Baada ya ajali lugha zake zilianza kupishana. Kuna siku aliweza kuongea Kiarabu huku Kifaransa kikimgomea, kisha baada ya muda mambo yakageuka. Na la ajabu ni hili: alipoombwa kutafsiri, aliweza kutafsiri kuingia kwenye lugha ileile ambayo siku hiyo hakuweza kuiongea kwa hiari yake. Lugha haikuwa imefutika. Ilikuwamo, imefungiwa, na kilichoharibika ni uwezo wa kuifungulia mlango kwa wakati wake.

Kwa familia zetu hili si jambo la vitabuni. Kiharusi kimeingia kwenye nyumba nyingi. Tangu mwaka 1895, Mfaransa Albert Pitres aliandika kuhusu wagonjwa wa lugha nyingi waliopoteza usemi, akaona kwamba mara nyingi hurudi kwanza lugha waliyoizoea zaidi kabla ya kuugua. Kabla yake Théodule Ribot alidhani hurudi kwanza ile ya utotoni. Kwa wagonjwa wengi lugha hurudi pamoja, kwa kiasi kinacholingana, lakini si wote. Kwa hiyo mzee wa Kigogo anayeulizwa maswali kwa Kiswahili tu wodini, akashindwa, hajapimwa kikamilifu. Mtu wa nyumbani anayejua Kigogo akae pale kitandani, amuulize tena. Na daktari aandike kwenye faili mgonjwa anajua lugha zipi na alikuwa akizitumia na nani.

Sasa tuje kwenye kuchanganya lugha, jambo linalowakera wapenzi wengi wa Kiswahili fasaha. Nami nakipenda Kiswahili fasaha. Lakini anayedhani kuchanganya ni dalili ya akili iliyovurugika ajaribu kusikiliza kwa makini. Carol Myers-Scotton, mwanaisimu Mmarekani, alirekodi mazungumzo ya watu wa Nairobi wakichanganya Kiswahili na Kiingereza, na kwa kiasi kikubwa ni kutokana na mazungumzo hayo alijenga, mwaka 1993, nadharia inayofundishwa leo katika vyuo vya isimu duniani kote. Alionyesha kwamba katika sentensi ya mchanganyiko lugha moja huwa mwenyeji na nyingine mgeni. Mwenyeji ndiye anayepanga viti: mpangilio wa maneno, viambishi, upatanisho wa ngeli. Mgeni huleta maneno yenye maana nzito na kukaa alipowekwa.

Tazama sentensi ya kawaida kabisa: "Nilim-call jana akaniambia wame-cancel ile meeting yao." Kwenye *nilim-call* mtenda ni wa Kiswahili, wakati uliopita ni wa Kiswahili, mtendwa ni wa Kiswahili, na mzizi tu ndio wa kuazima. Huyo huyo hatasema *nilim-called*, ingawa Kiingereza chake kinajua kuweka wakati uliopita mwishoni. Kwenye *ile meeting yao*, neno la kigeni limeingizwa kwenye ngeli na kupewa *ile* na *yao* bila kusita, na kimilikishi kimekaa nyuma ya nomino kama Kiswahili kinavyotaka. Atasema *nguo smart*, wala hatasema *smart nguo*. Na ni nadra kumsikia mtu akichukua kitenzi cha Kiswahili na kukivalisha mwisho wa Kiingereza. Kijana ambaye hajawahi kufundishwa kanuni hizi hazivunji, na anazifuata kwa kasi ya mazungumzo, kila sentensi, lugha zote mbili zikiwa zimefunguliwa kwa pamoja. Hiyo ni kazi ya ubongo wenye utaratibu mkali.

Mahali pengine utaratibu unachukua sura nyingine. Kule Lubumbashi, ambako Kiswahili kinaishi na Kifaransa, Vincent de Rooij alichunguza jinsi viunganishi vya Kifaransa, kama *parce que* na *donc*, vinavyokaa kwenye vichwa vya sentensi za Kiswahili na kumwonyesha msikilizaji hoja inaelekea wapi. Kiswahili kinabeba habari, Kifaransa kinaweka alama za njia.

François Grosjean, aliyefundisha Neuchâtel, Uswisi, alisema mwaka 1989 kwamba mtu wa lugha mbili si watu wawili wa lugha mojamoja waliobanwa ndani ya mwili mmoja. Lugha zake huongezeka na kupungua mwanga kulingana na anayeongea naye. Muuza vitenge wa Kariakoo akiwa na mteja kutoka Kongo anabana Kizaramo chake kabisa. Akija dada yake kutoka Kisarawe, anaziachia zote. Yuleyule, kwa saa moja.

Je, hakuna gharama? Ipo, na inafaa isemwe. Tamar Gollan na wenzake wa San Diego wameonyesha mara kwa mara kwamba watu wa lugha mbili huchelewa kidogo kutaja majina ya vitu kwenye picha, na hupatwa zaidi na ile hali ya neno kuwa mdomoni lakini halitoki, hata katika lugha wanayoimudu zaidi. Maelezo yanayokubalika na wengi ni rahisi: siku ina saa zilezile 24, na anayezigawa kati ya lugha mbili hulitumia kila neno mara chache kuliko yule wa lugha moja. Neno lisilotumika sana huitika polepole.

Kwa watoto gharama hiyo huonekana kwenye hesabu ya maneno, na hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika. Barbara Pearson na wenzake walihesabu maneno ya watoto wadogo wa Miami waliokuwa wakijifunza Kihispania na Kiingereza, utafiti uliotoka mwaka 1993. Ukihesabu lugha moja tu, unaweza kumwona mtoto yuko nyuma. Ukihesabu zote mbili kwa pamoja, yuko sawa na wenzake. Mwaka 2010 Ellen Bialystok na wenzake walichapisha matokeo ya watoto 1,738, wa miaka 3 hadi 10. Wa lugha mbili walijua maneno machache zaidi ya Kiingereza, lugha waliyosomea, lakini upungufu ulikuwa kwenye maneno ya nyumbani. Maneno ya shuleni waliyajua sawa na wenzao. Ni jambo la kutarajiwa kabisa: mtoto anayepikiwa kwa Kihaya anajua mwiko na chungu kwa Kihaya, na pembetatu anaijua kwa lugha ya darasani. Kumpima kwa lugha moja ni kufungua kabati moja na kutangaza kwamba nyumba haina vyombo.

Wala hawachanganyikiwi kujua lugha ni mbili. Krista Byers-Heinlein, Tracey Burns na Janet Werker waliwapima watoto wachanga huko Vancouver, wenye umri wa siku chache tu, ambao mama zao walizungumza Kiingereza na Kitagalogi, lugha ya Ufilipino, wakati wa ujauzito. Walitazama jinsi watoto walivyonyonya chuchu ya mpira kila lugha ilipochezwa. Watoto wale walivutiwa na lugha zote mbili, na bado waliweza kuzitofautisha kwa mdundo wake. Wamezitofautisha kabla hata hawajafikisha wiki moja ya kunyonya, sisi tunawahofia wakiwa na miaka mitatu.

Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto anayechelewa kuongea asianze kwa kufukuza lugha. Mtoto mwenye tatizo la kweli la usemi huchelewa katika lugha zake zote, na kumwondolea moja hakulitibu. Kwanza masikio yake yapimwe. Mtoto asiyesikia vizuri anapotezewa miaka ya thamani watu wakibishana kuhusu Kichaga.

Nisipite bila kulitaja lile kibao ambalo Kenya huitwa diski. Mwanafunzi akikamatwa anaongea lugha ya nyumbani anavishwa shingoni, naye anavizia mwenzake atakayeteleza ili amvishe, na jioni aliyebaki nalo anaadhibiwa. Vizazi vimepitia hayo, na yapo mashuleni hata leo kwa sura mbalimbali. Ukishajua kwamba lugha zote ziko macho kichwani na kwamba kuzuia moja ni kazi, unaona mtoto yule anaadhibiwa kwa nini. Anaadhibiwa kwa sababu breki yake ya miaka minane haijakomaa.

Kuna habari nyingine inayozunguka sana, hii ya kufurahisha: kwamba lugha mbili humfanya mtu kuwa na akili kali zaidi. Ilianza kwa nia nzuri. Kama mtu anafanya kazi ya kuzuia lugha moja kila siku, watafiti walifikiri, huenda mazoezi hayo yanamsaidia kuzuia vishawishi vingine pia. Bialystok na wenzake walitoa matokeo ya kuunga mkono wazo hilo mwaka 2004, na magazeti yakalibeba. Kisha mashaka yakaingia. Kenneth Paap na Zachary Greenberg walirudia majaribio mbalimbali mwaka 2013 na hawakuona faida inayojitokeza kwa uthabiti. Mwaka 2015 Angela de Bruin na wenzake walionyesha kwamba tafiti zilizoona faida zilikuwa na bahati zaidi ya kuchapishwa kuliko zile zilizoikosa. Mwaka 2018 Minna Lehtonen na wenzake walikusanya tafiti 152 za watu wazima, na faida ndogo iliyoonekana ilitoweka waliporekebisha upendeleo huo wa uchapishaji. Mwaka 2019 data za watoto wa Marekani zaidi ya 4,500, wa miaka 9 na 10, hazikuonyesha faida yoyote katika udhibiti huo wa akili.

Msimamo wangu ni kwamba tuache kuziuza lugha zetu kwa ahadi hiyo. Kihehe hakihitaji kumfanya mtoto awe hodari wa majaribio ya kompyuta ndipo kistahili kusemwa naye. Kinamtosha kwa kuwa ndicho anachoongea na bibi yake.

Suala la uzee liko wazi zaidi kujadiliwa. Mwaka 2007 Bialystok, Fergus Craik na Morris Freedman walipitia kumbukumbu za wagonjwa 184 wa demenshia, ule ugonjwa unaofuta kumbukumbu uzeeni, katika kliniki ya Toronto. Dalili kwa wale wa lugha mbili zilianza takriban miaka 4 baadaye. Wapinzani walisema wengi wao walikuwa wahamiaji, na wahamiaji hutofautiana na wenyeji kwa mengi. Ndipo utafiti wa India ukaja kuwa muhimu. Suvarna Alladi na wenzake, mwaka 2013, waliangalia wagonjwa 648 mjini Hyderabad, mji ambao watu huzaliwa na kuishi katikati ya Kitelugu, Kiurdu, Kihindi na Kiingereza bila kuhama kokote. Wa lugha mbili walichelewa kupata dalili kwa miaka 4.5, hata miongoni mwa wasiowahi kukanyaga shule. Lugha ya tatu na ya nne hazikuongeza kitu. Hyderabad inafanana na Mwanza au Mombasa kuliko inavyofanana na Toronto, na ndiyo maana nauthamini utafiti huo. Lakini nao ulitazama watu waliokwisha fika hospitali. Laura Zahodne na wenzake walipowafuata kwa miaka mingi wahamiaji 1,067 wanaozungumza Kihispania kaskazini mwa Manhattan, waliokuwa wazima mwanzoni, hawakuona kwamba lugha mbili ziliwakinga na demenshia. Kwa sasa hayo mawili yanakaa pamoja. Huenda lugha mbili husaidia ubongo kuvumilia uharibifu kwa muda zaidi bila kuuzuia. Huenda pia kuna jambo jingine kwenye maisha ya watu hao.

Hisia nazo hazigawanyiki sawa. Catherine Harris wa Boston na wenzake waliwapima jasho la vidole Waturuki waliojifunza Kiingereza ukubwani huku wakisikiliza maneno mbalimbali. Makaripio ya utotoni, yale ya mama anayemwambia mtoto aone haya, yaliamsha mwili zaidi kwa Kituruki kuliko kwa Kiingereza. Na mwaka 2014 Albert Costa na wenzake wa Barcelona waliwauliza watu kama wangemsukuma mtu mmoja kutoka darajani ili mwili wake usimamishe treni inayoelekea kuwaua watano. Waliosomewa kwa lugha ya kigeni walikubali kwa wingi zaidi kuliko waliosomewa kwa lugha yao. Uamuzi uleule, mtu wa aina ileile, ila lugha ya kujifunza shuleni imekuja bila sauti ya mama. Hakimu anayesikiliza kesi kwa Kiingereza ya watu waliokosana kwa Kisukuma ana la kufikiria hapo, na mkalimani wake pia.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wa Tanzania moja kwa moja. Elizabeth Spelke na Sanna Tsivkin, mwaka 2001, waliwafundisha watu wa Kirusi na Kiingereza hesabu mpya kwa lugha moja, kisha wakawauliza kwa nyingine. Makadirio yalivuka bila tatizo. Majibu kamili, ya namba halisi, yalichelewa, kana kwamba yalihifadhiwa ndani ya lugha yaliyofundishiwa. Sasa fikiria mwanafunzi wa shule ya serikali aliyejifunza sehemu, asilimia na usanisinuru kwa Kiswahili hadi darasa la saba. Januari anaingia kidato cha kwanza na vyote vinaulizwa kwa Kiingereza. Watafiti wa LOITASA, mradi uliochunguza lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini, wakiwemo Martha Qorro na Birgit Brock-Utne, wamekuwa wakionyesha tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba wanafunzi wa sekondari hueleza na kuelewa zaidi somo lilelile likifundishwa kwa Kiswahili.

Walimu wengi walishaligundua hili ubaoni. Wanaeleza kwa Kiswahili hadi nyuso za darasa zifunguke, kisha wanaandika muhtasari kwa Kiingereza kwa sababu ndicho cha mtihani. Mkaguzi akiingia, wanarudi kwenye Kiingereza kitupu na mikono ya wanafunzi inashuka. Ningependa mkaguzi huyo awaulize wanafunzi swali moja la somo kwa lugha zote mbili, asikilize majibu yote, ndipo ajaze fomu yake.